Wali Haukuwa Mkavu

Malindi, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Barua zetu huanza na maneno yale yale: mimi mzima, hofu ni kwako. Nimeyaandika miaka mingi bila kuyafikiria, kwa dada zangu, kwa shangazi yako, hata kwa watu nisiowapenda. Leo nimeandika "hofu ni kwako" nikaweka kalamu chini, kwa sababu ni kweli. Hofu ndiyo iliyonikalisha hapa jikoni na daftari lako la zamani la shule, wakati wewe umekwenda Mambrui kuaga.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango na kununua unga. Una miaka ishirini na miwili, unakwenda Nairobi kupiga taipu ofisini, na mambo hayo utayajua mwenyewe. Barua hii nitaitia kikapuni, chini ya mahamri, na nitakwambia usiyaguse kabla ya kufika Kilifi. Najua basi litakavyokaa pale kwenye foleni ya feri, na najua hutakuwa na pa kukimbilia. Ukikasirika, kasirika, lakini usome mpaka mwisho.

Nianze na Ramadhani ile ulipokuwa na miaka kumi na sita. Ulikula daku ukarudi kulala, na kabla ya adhana ya alfajiri nilikusikia uani ukitapika. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu uliniambia una kiungulia, kwamba kitu kikali kinakupanda kifuani mpaka kooni ukilala. Mama mwenye akili zake angekuuliza umekula nini. Mimi nilihesabu miezi. Wajua kwetu mwanamke akisema ana kiungulia, wenziwe humtazama tumbo, na wakitaka kumtania humwambia mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Cha msichana ambaye hajaolewa hakuna anayekitania.

Sikukuuliza, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilimwita Bi Mize, mkunga yule yule aliyekupokea wewe duniani, aje mchana ami yako Athmani akiwa msikitini. Ami yako ndiye mkubwa wa nyumba hii tangu nduguye, baba yako, alipofariki, na sikutaka ajue. Bi Mize alikulaza, akakubonyeza tumbo, akakuuliza siku zako. Hukulia. Ulikuwa ukitazama boriti za dari, na mimi nimesimama mlangoni nimeshika kitasa, kana kwamba ungetoroka. Bi Mize alinawa mikono akaniambia mbele yako, "Mwana huyu hana kitu. Ana kiungulia tu, kama alichokuwa nacho babake. Mpe magadi alambe."

Nilisikia "hana kitu" nikamshukuru Mungu. Lile la baba yako nililisikia pia, nikalizika pale pale.

Nilipaswa kukuomba radhi siku ile. Badala yake nilikukanya usilitaje tena neno kiungulia mbele za watu. "Wataka watu waseme nini?" nilikuuliza. "Kikipanda, meza. Meza na unyamaze." Nawe ulikuwa mtoto msikivu, Mungu akubariki wewe na anisamehe mimi. Ulimeza miaka sita. Ulimeza darasani na ulimeza kwenye mitihani. Harusini kwa binamu yako nilikuona umekaa mkekani na wenzako, mkono umeshika koo chini ya buibui na machozi yamekujaa machoni, nikakukazia macho mpaka ukamaliza kumeza. Kila nilipokuta kopo la magadi limepungua nilinunua mengine nikalijaza, bila kuuliza, na nikajiona mama mwema sana.

Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo nimewaambia majirani wengi, tena kwa kidole juu.

Haya, mwanzo wa mwaka huu ukatema damu kwenye beseni, tukaenda Mombasa. Unakumbuka yote, lakini niache niyasimulie kwa upande wangu, kwa sababu upande wangu una kitu ambacho hukukiona. Walikuingiza wakakupitishia kooni mpira wenye taa. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, na mama mmoja wa Mariakani aliyekuwa kando yangu alinipa nusu ya chungwa lake. Ulipotoka sauti ilikuwa imekauka. Daktari, yule mama wa miwani, alituchorea picha: mfereji wa chakula, aliouita umio, na tumbo chini yake. Alisema mlango ulio kati ya viwili hivyo kwako umelegea, na maji makali ya tumbo yamekuwa yakipanda kwa miaka, hata ngozi ya umio huko chini ikachoka kuungua, ikajigeuza ikafanana na ya tumbo. Hali hiyo ina jina la daktari wa Kizungu, umio wa Barrett. Mimi nilisikia baruti. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na baruti kichwani, na basi likigonga shimo nashika mkono wako. Uliponisahihisha nyumbani ulicheka, nami nilifurahi kuona unacheka. Lakini neno lenyewe halikutoka. Mpaka leo ukikohoa nasikia baruti.

Alishangaa umri wako. Alisema hali hii huiona zaidi kwa wanaume wa makamo, si kwa wasichana. Alisema si saratani, na wengi walio nayo hawafiki huko, ila wachache hufika, ndiyo maana ni lazima uangaliwe. Uliuliza kama utaishi na kitu hiki siku zako zote. "Utaishi nacho," alikujibu, "na sisi tutakichunga." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Nilimuuliza kama ni pilipili zangu. Wajua nimekulea kwa viazi vya karai na bhajia, na ulianza kuonja ukwaju wangu kabla hujasimama dede. Nilikuwa tayari kabisa kuibeba lawama ile, kwani pilipili haina aibu. Daktari akasema pilipili huchokoza tu, hazianzishi. Nilisikitika, Rukia. Utaona ajabu, lakini nilisikitika.

Ndipo aliponigeukia mimi, kalamu mkononi. "Mama, kwenu au kwa babake kuna mtu aliyepata kuumwa njia ya chakula? Aliyeshindwa kumeza?"

Nikasema hakuna. Akauliza baba yako alifariki kwa nini, nikasema alisakamwa na mwiba wa samaki. Akaandika. Akasema kama angekuwepo mtu kwenu angetaka kukuona mapema zaidi, lakini kwa kuwa hakuna, urudi baada ya miaka miwili. Na akatuonya: chakula kikianza kukwama, usingoje siku hiyo, uje mara moja.

Baba yako hakusakamwa na mwiba.

Humkumbuki vizuri, ulikuwa na miaka mitano. Alikuwa fundi cherehani, wajua hilo, lakini hujui kwamba juu ya meza ya cherehani, kando ya bobini, kulikuwa na kopo la magadi. Kila alipoinama kutia uzi alijishika hapa, katikati ya kifua. Alikuwa mtu wa mzaha. Wateja wakimuuliza ana nini, huwajibu kwamba ana mimba, mtoto ana nywele nyingi. Wote walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha akaanza kunywa maji baada ya kila tonge. Nilidhani ni joto. Akasema nyama ni ngumu, nikapika samaki. Akasema ugali ni mkavu, nikapika wali. Akasema wali ni mkavu, na hapo niliudhika, kwa sababu watu hutoka mtaa wa pili kuja kula wali wangu wa nazi. Nikaongeza tui, na bado akasema mkavu. Akahamia uji, na mwishowe hata uji ulirudi. Kulikuwa na Ijumaa moja alikwama na kipande cha samaki, changu, mbele ya wageni. Wakampiga mgongoni, wakampa tonge kavu alimeze lisukume mwiba, kama tufanyavyo sote. Hapakuwa na mwiba. Samaki yule nilimchambua kwa mikono yangu miwili. Lakini watu walikwisha kuona mwiba, na mtu akiona mwiba hatafuti kitu kingine.

Hospitalini walituambia mimi na ami yako kwamba ni saratani ya njia ya chakula, huko chini karibu na tumbo. Aliishi miezi minne baada ya hapo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na mwishoni nilimbeba peke yangu kumpeleka uani, mwanamume aliyekuwa akinibeba mimi kwa mzaha. Baada ya arubaini ami yako alinikalisha akaniambia, "Una binti. Neno hili likitoka, nani atamuoa? Sema mwiba." Usimchukie. Aliogopa kwa ajili yako kama nilivyoogopa mimi, na hakunilazimisha. Nimesema mwiba miaka kumi na saba. Nimeusema mpaka nikifumba macho nauona, mweupe, mrefu, na sura yake naijua kuliko ninavyoikumbuka sura ya baba yako siku zile za mwisho.

Na wewe ukakua ukiogopa miba. Nilikuchambulia samaki mpaka ukafika darasa la saba, wenzako wakikucheka. Nilikulinda na mwiba ambao haukuwepo, na kitu chenyewe kilipokuja nilikwambia ukimeze.

Wakati wa kusema ulikuwepo. Siku ile tulipotia matofali chini ya miguu ya kitanda chako, ili kichwa kiinuke kama daktari alivyotaka, ulisimama na tofali la pili mkononi ukaniuliza, "Mama, baba naye alikuwa na kiungulia? Bi Mize alisema." Miaka sita ulikuwa umelibeba neno lile na hukuniuliza. Nilikujibu kwamba Bi Mize amezeeka, maneno humpotea. Mara jirani akaingia, akauliza matofali ni ya nini, nikamwambia kitanda kinaingia mchwa. Ulicheka sana. Nami nilikutazama ukicheka nikafikiri, ameona jinsi uwongo ulivyo mwepesi mdomoni mwangu, na bado ananiamini.

Nikajipangia kukwambia ukirudi likizo. Utakuwa umeshazoea kazi, nilijisemea, utakuwa umenenepa kidogo, kuna miaka miwili, haraka ya nini. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mpaka leo adhuhuri.

Nilikupikia chakula cha kukuaga, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nyumba ikajaa watu. Ulikula tonge la kwanza ukanywa maji. Tonge la pili, ukanywa maji. La tatu lilisimama. Nililiona likisimama. Ulinyoosha shingo, ukatulia kimya katikati ya kelele zote zile, ukanywa tena, likashuka, ukaendelea kumsikiliza aliyekuwa akikusimulia habari za baridi ya Nairobi. Hakuna aliyetambua ila mimi na ami yako. Ami yako alirudisha tonge lake sahanini akaniangalia. Sisi wawili tumewahi kuiona shingo ile.

Nilikufuata jikoni nikakuuliza ni tangu lini. Ukanibusu shavuni. "Si kitu, mama," ukasema. "Wali mkavu kidogo tu."

Ulipoondoka kwenda Mambrui ami yako alikuja hapa jikoni, ambapo haingii kamwe, akasimama kando ya masufuria. Akasema, "Mwambie." Nikamwambia kwa mdomo siwezi, nimejaribu, mdomo unakataa. Akasema basi andika, na akatoka. Baada ya muda akarudi na bahasha aliyoinunua dukani mwenyewe. Ndiyo hii uliyoifungua.

Sasa nisikilize. Sikwambii ni kile kile. Daktari alitueleza kwamba koo linaweza kubana kwa kovu la kuungua tu, na kovu lina tiba yake. Namwomba Mungu usiku na mchana liwe kovu. Lakini mimi sijui, wewe hujui, na daktari aliyeandika miaka miwili aliandika kwa sababu ya uwongo wangu. Kwa hiyo miaka miwili hiyo haipo. Ifute.

Kazi yako inaanza Jumatatu, na kesho ni Alhamisi. Ukifika Mombasa, usipande treni ya Nairobi ya jioni hiyo. Lala kwa shangazi yako Kibokoni, Ijumaa asubuhi uende hospitali, daktari yule huwepo. Mimi nitapanda basi la kwanza kabisa siku hiyo na nitakukuta kwenye benchi lile lile. Nitaingia pamoja nawe, nitasema kwa mdomo wangu, mbele yako, baba yako alikufa na nini na alianzaje. Aniangalie anavyotaka. Kama watu wa ofisi watakasirika ukichelewa, wakasirike. Ofisi ziko nyingi.

Utajiuliza kwa nini hatuondoki pamoja kesho. Nakujua, Rukia. Ukiniona nalia utameza hasira yako ili mimi ninyamaze, kisha utanifariji mimi, na utakuwa umekosa hata haki ya kunikasirikia. Nimekupa siku moja bila uso wangu. Itumie. Ukitaka kusema kwamba mama yako ni mwongo, mwambie shangazi yako. Yeye hajui, naye pia alidanganywa, mtakuwa wawili.

Sina mawaidha mengi, na mwenye kosa kama langu hapaswi kuwa nayo. Nina hili tu. Huko uendako, ikiwa kesho kutwa au baada ya mwezi, kitu kikipanda usimeze. Kiseme. Sema mbele ya wakubwa wa kazi, sema mbele ya wenzako wa chumbani. Wakitazama tumbo lako, waache watazame, watachoka. Na akija mtu kukuposa, mwambie kabla hajala chakula chetu. Atakayeondoka kwa sababu hiyo, bora aondokee mlangoni. Ami yako na mimi tulidhani tunakutafutia mume, kumbe tulikuwa tukikunyima daktari.

Niliogopa utaishi bila mume. Sasa ninaogopa kitu kingine, na hofu ile ya kwanza naiona kuwa upuuzi mtupu, ningefurahi kurudi kuiogopa tena.

Nasikia kitasa cha lango. Umerudi. Unasalimiana na ami yako, unamwambia wa Mambrui wote wanamsalimu, na sasa unaniuliza kutoka uani kama wali umebaki, una njaa. Nimekujibu umebaki. Nitaifunga bahasha, nitakupakulia, nitakaa mbele yako nijifanye nachambua mchicha, na nitakutazama ukila, tonge baada ya tonge, na kikombe cha maji kando yako. Huenda utasema tena lile ulilosema mchana, nami nitanyamaza kwa mara ya mwisho, mpaka Ijumaa.

Lakini ujue, hapo ulipo Kilifi, kwamba niliupikia tui la nazi tatu, nikaupalia makaa na kuufunika mpaka kila punje ikalainika. Wali haukuwa mkavu, mwanangu.

Mama yako